Kampala Ikitazamwa kutoka Ziwani

Kila muhula hutokea mwanafunzi anayeniuliza kama Kampala ni mji wa bandari. Huuliza kwa sababu vitabu vyetu vya Kiswahili, vinapofundisha msamiati wa safari za majini, huchota mifano yake Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar: meli imetia nanga, abiria wanashuka gatini, wachukuzi wanapakua shehena. Mwanafunzi aliyezaliwa Kawempe au Makindye huyasoma maneno hayo kama mtu asomaye habari za nchi ya mbali. Jibu langu huwa ni ndiyo. Kampala ni mji wa bandari, na ulikuwa hivyo kabla haujawa mji wa reli, wa mabasi wala wa bodaboda. Kilichotokea ni kwamba umeligeuzia ziwa mgongo, na wakazi wake wengi huishi miaka mingi bila kuyaona maji wanayoyanywa kila siku.

Kwa sababu hiyo nimejiwekea desturi. Kila likizo huchagua siku mbili au tatu, nikautembelea mji wangu kwa chombo cha majini. Nasema chombo kwa makusudi, kwa maana hatuna kivuko kimoja kikubwa cha mjini kama kile cha Likoni kule Mombasa au cha Kigamboni kule Dar es Salaam. Atakaye kuijua Kampala kutoka ziwani hana budi kuiunganisha safari yake mwenyewe: aanzie Port Bell, afike Munyonyo, apande mashua Ggaba, na siku nyingine aende Entebbe kutafuta pantoni ya visiwani. Ni safari ya vipande vipande, na kila kipande kina somo lake.

Mwalo na bandari

Tuanze na maneno, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Mahali ambapo mitumbwi na mashua hufika ufukoni, samaki wakapimwa na kuuzwa, huitwa omwalo kwa Kiganda, na wingi wake ni emyalo. Wavuvi wa Mwanza, Bukoba na Musoma wanaozungumza Kiswahili huliita mwalo, wingi mialo, na neno hilo limeingia hata katika nyaraka za uvuvi za serikali ya Tanzania. Kadhalika Waganda husema ennyanja, na Kiswahili kina nyanja kwa maana ya eneo kubwa la maji. Mwanafunzi wa Kampala anayedhani kwamba Kiswahili ni lugha ngeni kabisa kwake na asimame ufukoni aorodheshe maneno. Atakuta kwamba anayajua mengi kabla hajafungua kamusi.

Neno bandari ni la namna nyingine. Lilikuja na biashara ya bahari na lina asili ya Kiajemi. Bandari inataka gati, forodha, maghala na barabara ya kuelekea bara. Mwalo hauhitaji zaidi ya ufuko na watu. Ukizunguka Ghuba ya Murchison, ambayo ndiyo mlango wa Kampala katika Ziwa Viktoria, utaviona vyote viwili: bandari moja iliyopungukiwa na meli, na mialo mingi iliyojaa watu.

Ghuba yenyewe ilikuwa na shughuli kabla ya jina hilo la Kizungu. Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, Waganda huliita Nnalubaale, na wafalme wao walikuwa na makundi makubwa ya mitumbwi ya vita na ya safari, chini ya mkuu aitwaye Gabunga. Mwaka 1875 Kabaka Mutesa wa Kwanza alimpokea Henry Morton Stanley kando ya ghuba hii, mahali panapoitwa Busabala leo. Katika miaka ya 1880 mwanawe, Kabaka Mwanga, aliwaamuru watu wachimbe ziwa karibu na makao yake ya Mengo, akikusudia kuliunganisha na Nnalubaale kwa mfereji utakaompeleka hadi Munyonyo bila kushuka katika mtumbwi. Mfereji haukukamilika. Ziwa lile dogo lingali hapo kati ya Mengo na Ndeeba, na wengi hupita kando yake bila kufahamu kwamba ni kazi iliyokatizwa, kazi ya mtawala aliyetaka mji wake uguse maji.

Port Bell na jina lake

Port Bell iko Luzira, umbali wa takriban kilomita kumi kutoka katikati ya mji. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, aliyetaka kufika Kampala alishuka katika gari moshi, akapanda meli na kulivuka ziwa. Hali ilidumu hivyo hadi mwaka 1931, reli ya kupitia Jinja ilipofika Kampala. Kwa muda wa miaka thelathini, basi, pamba ya Uganda na barua za Uganda zilipita majini, pamoja na wageni wake wote wakubwa kwa wadogo. Hata baada ya hapo Port Bell haikufa mara moja. Vivuko vikubwa vilivyobeba mabehewa ya gari moshi, vya Uganda vikiitwa Kabalega, Pamba na Kaawa, vilifanya kazi kati ya bandari hii na Mwanza na Kisumu. Mwaka 2005 Kabalega iligongana na Kaawa, ikazama. Baada ya hapo bandari ilipooza kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018 kivuko cha Kitanzania kiitwacho Umoja kilipotia nanga tena kikiwa na shehena.

Nikisimama karibu na gati huwatafakarisha wanafunzi wangu juu ya jina. Bell alikuwa Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kuanzia 1906 hadi 1909. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa umewaua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao wa ziwa na visiwani. Bell aliamuru watu waondolewe kwenye ufuko na hatimaye katika Visiwa vya Ssese, ili wasiumwe na mbung'o. Waliacha nyumba, migomba na makaburi ya wazee wao. Wengi hawakuruhusiwa kurudi kwa miaka mingi, na wengine hawakurudi kamwe.

Wapo wanaosema kwamba amri hiyo iliokoa maisha, na wapo wanaosema kwamba iliwanyang'anya watu nchi yao. Nadhani kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na mwanafunzi wa uraia ajifunze kuzishika zote mbili pamoja. Hata hivyo nakiri kwamba kila nisomapo kibao cha Port Bell hunijia wazo lile lile: bandari yetu kuu imepewa jina la mtu aliyeufanya mwambao wetu uwe mtupu. Je, hapo ndipo tulipoanza kuligeuzia ziwa mgongo? Siwezi kuthibitisha, lakini swali nimeliweka.

Kutoka Ggaba hadi ng'ambo

Safari ninayoipenda kupita zote ni ile fupi ya kutoka Ggaba kuvuka ghuba hadi mwalo wa Bule, upande wa Mukono. Ggaba ni soko, mwalo na kituo cha bodaboda kwa pamoja. Asubuhi mashua za mbao zenye injini hushusha nyanya, mananasi, mkaa na mikungu ya matoke. Kaloli, wale ndege warefu wenye upara, husimama kando wakingoja matumbo ya samaki kwa subira ya mawakili. Abiria hupanda kwa ubao mwembamba, pikipiki hulazwa katikati, na mtoto mchanga hupitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka amfikie mama yake aliyekwisha kuketi.

Mashua ikishaliacha gati la mbao, geuka utazame nyuma. Utaona kile ambacho ramani haikuonyeshi. Vilima vya Kampala vinashuka polepole hadi ziwani, na kila bonde baina yake ni njia ya maji. Upande wa kaskazini, karibu na Luzira, ndiko yanakofikia maji ya Mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo hupita katikati ya mji, kando ya masoko na viwanda, ukikusanya maji ya mvua na taka za mitaa, kisha hupita kwenye kinamasi kabla ya kumwagika katika ghuba. Na hapo hapo Ggaba, juu kidogo ya soko, ipo mitambo ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka ambayo tangu zama za ukoloni imekuwa ikivuta maji ya ghuba hii hii, kuyasafisha na kuyarudisha mjini katika mabomba.

Soma tena sentensi hizo mbili, mwanafunzi wangu. Mji unamwaga upande mmoja wa ghuba na unateka upande mwingine.

Katikati yake kulikuwa na mlinzi asiyelipwa mshahara, yaani kinamasi cha Nakivubo. Mafunjo na matete yalikuwa yakichuja uchafu kabla haujafika ziwani. Kadiri kinamasi kilivyofyekwa kwa ajili ya mashamba ya mayuni na miwa, na kisha kwa ajili ya majengo, ndivyo kazi ya kuchuja ilivyohamia kwenye mitambo, na mitambo inataka umeme, dawa na fedha. Majitaka ya Bugolobi husafishwa katika kituo kikubwa kipya, lakini ni sehemu ndogo tu ya wakazi waliounganishwa na mabomba ya majitaka. Mji ulipoona kwamba maji ya ghuba yanazidi kuwa mazito, ulikwenda kujenga mitambo mingine Katosi, huko Mukono, kwenye maji yaliyo wazi zaidi, yenye uwezo wa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Ni kazi kubwa na ya lazima. Lakini ukiitazama kutoka katika mashua, inafanana na mtu aliyechafua mtungi wake, akaenda kukopa wa jirani.

Katika safari yangu ya mwisho maji ya karibu na ufuko yalikuwa ya kijani kizito, na chupa za plastiki zilielea kati ya magugu maji. Kadiri tulivyokwenda mbele rangi ilififia, hata tulipofika kati ya ghuba maji yakawa ya buluu ya kijivu. Kijana mmoja aliyeketi mbele yangu alimaliza soda yake, akainua mkono ili aitupe chupa. Bibi aliyekuwa karibu naye alimshika kifundo cha mkono, bila hasira, akamwambia kwa Kiganda, "Mjukuu wangu, jioni utainywa hiyo." Kijana alicheka. Hata hivyo aliitia chupa ndani ya mfuko wake.

Katiba yetu ya mwaka 1995 imesema jambo hilo hilo kwa maneno mazito zaidi. Ibara ya 39 humpa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Nasema Mganda kwa maana ya raia yeyote wa Uganda. Ibara ya 17 huuweka ulinzi wa mazingira miongoni mwa wajibu wa raia. Ibara ya 237 huyaweka maziwa, mito na vinamasi mikononi mwa serikali kwa dhamana, kwa manufaa ya raia wote. Dhamana ni neno la kulifikiria. Aliyepewa kitu kwa dhamana hakimiliki. Anakitunza kwa niaba ya mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuulizia hali ya mali yake. Bibi yule hakutaja ibara yoyote, lakini aliijua maana yake.

Lugha ndani ya mashua

Nilipokuwa nikizungumza kwa simu na mwalimu mwenzangu wa Arusha, bibi yule alinisikiliza kwa makini. Nilipokata simu aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni mwanajeshi?"

"Hapana, jjajja. Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu wa lugha ile?"

"Ndiyo, wa Kiswahili."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba katika ujana wake, enzi za Amin, Kiswahili alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na kila alipokisikia alijua kwamba kuna kitu kitachukuliwa: saa, baiskeli, au mtu. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo halikukifanya kipendwe. Lugha hujifunzwa pamoja na sauti ya anayeisema.

Nahodha, mwanamume wa makamo aliyeshika mkono wa injini, aliingilia kwa Kiswahili chepesi. Alisema kwamba yeye hakukisikia kambini wala shuleni. Alikisikia mialoni, upande wa Tanzania, alipokuwa kijana wa kuvua sangara, na baadaye Mwanza alipokwenda kununua nyavu. "Kule," alisema, "hata ukidaiwa unadaiwa kwa adabu. Wanakuamkia kwanza." Bibi akacheka, akakumbuka jambo alilokuwa hajalitaja: mwaka 1979, wanajeshi wa Tanzania walipoingia Kampala, mmoja wao alimwamkia mama yake "shikamoo", na mama hakujua ajibu nini, kwa kuwa hakuwahi kuona mwenye bunduki akiomba radhi ya kupita.

Mambo haya ninayaeleza kwa sababu ninyi mnajifunza lugha hii katika wakati muhimu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi ni mwanzo. Yatakayokifanya Kiswahili kiwe chetu ni matumizi: kama wajukuu wa bibi yule watakisikia sokoni, zahanatini na mashuani, kikisemwa na watu wasiowatisha. Na tusisahau kwamba lugha hii haikufika Uganda na jeshi. Ilifika na wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suuna, na Mutesa aliyemfuata alijifunza kuisema. Bandari na masoko ndiyo makao yake ya zamani. Tunaporudi ziwani kujifunza, tunairudisha nyumbani.

Jaketi la kuokolea maisha

Lipo somo jingine la mashua ambalo sitalipita. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na karibu watu 900 walikufa. Mwezi Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikaua zaidi ya watu 220. Miezi miwili baadaye, jioni ya Novemba 24, chombo cha starehe kilichoitwa Templar kilizama upande wa Mukono, si mbali na Kampala, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Katika ajali hizi zote watu walikuwa wengi kuliko uwezo wa chombo. Methali husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ziwa letu limetufundisha kwamba hata nahodha mmoja hushindwa, abiria wakizidi.

Uganda sasa ina Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021. Lakini sheria haivaliwi, jaketi ndilo huvaliwa. Katika mashua yetu majaketi yalikuwepo, yamepauka kwa jua, na nusu ya abiria walikuwa wameyakalia kama mito. Nilivaa langu nikafunga kamba. Nikamwomba nahodha, kwa Kiswahili na kwa upole, awaambie wenzetu wavae. Alisema kwa sauti ya juu, neno moja tu la Kiganda, nao wakavaa, pamoja na yule kijana wa soda. Dakika moja ilitosha. Wanafunzi wengi hudhani kwamba uraia ni kura ya kila baada ya miaka mitano. Kura ni muhimu, lakini siku nyingi uraia ni kuomba kwa adabu jambo ambalo ni haki yako na ya jirani yako.

Mbali kidogo

Mwenye muda zaidi na aende Entebbe, mwalo wa Nakiwogo, apande pantoni ya Kalangala kuelekea Lutoboka katika kisiwa cha Bugala. Safari huchukua takriban saa tatu na nusu. Atakaa sitahani na walimu, wauguzi, wafanyabiashara na watalii, na ataona Visiwa vya Ssese vikitokea kimoja kimoja. Ndivyo vile visiwa vilivyohamishwa watu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Leo kuna shule, mashamba ya michikichi na watoto wanaokimbia ufukoni kuipokea pantoni. Ardhi iliyoachwa tupu ilipata watu tena, ingawa si wote waliokuwa wajukuu wa wale walioondoka.

Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kiwango kilichopita hata kile cha mwaka 1964. Mialo ya Ggaba na Port Bell iliingiwa na maji, na majengo yaliyokuwa yamesogea hadi ufukoni yakasimama majini. Kanuni zilikuwa zimekwisha kusema tangu mwaka 2000 kwamba mita 200 kutoka ukingo wa ziwa hili ni eneo la kulindwa. Wengi walizisoma kanuni hizo mara ya kwanza maji yalipokuwa sebuleni.

Kazi yenu ya likizo, basi, ni hii. Nendeni kwenye mwalo ulio karibu nanyi. Vaeni jaketi kabla ya kuketi. Ulizeni, kwa Kiswahili, maji ya bomba la nyumbani kwenu yanatoka wapi na majitaka yenu yanakwenda wapi. Andikeni majibu mtakayopewa, na majina ya Kiganda, Kisoga au Kijaluo ya vitu mtakavyoviona, kisha mtafute yanayofanana nayo katika Kiswahili. Tutakapofungua muhula tutayasoma pamoja darasani. Na mkimkuta mzee anayekihofia Kiswahili, mwamkieni kwanza.